Kungoja Upepo wa Garissa

Jumapili, 1 Oktoba 2000

Daftari jipya. La zamani nimelipitia asubuhi kabla ya kanisa — mwaka mzima nimeandika upepo, mawingu, vumbi, na siku moja jino lililoniuma. Mtu akiliokota atadhani mwenye kuliandika hana jamaa.

Nimefunga kitambaa kipya juu ya mlingoti nyuma ya jikoni. Kile cha kwanza kilikuwa kimebaki nyuzi tupu. Nimechana leso kuukuu ya Mama, ile ya maua mekundu. Mama akasema ningemuuliza kwanza. Nikasema leso yenyewe ina mashimo. Akasema hata yeye ana mashimo na hajachanwa.

Kitambaa kinaelekea Mua. Vilima vya Mua viko kaskazini-magharibi, yaani upepo bado ni ule wa kusini-mashariki, wa tangu Juni. Unatoka baharini ukiwa na maji, lakini ukifika hapa Katelembo umeshayaacha njiani, umebaki kutupulizia vumbi tu.

Mbegu ni debe moja. Mahindi na mbaazi. Ndizo zote! Misimu miwili imekufa mfululizo, kwa hivyo mwethya wetu — wanawake watano, tunalimiana kwa zamu — tulikusanya kila mtu alichobakisha, tukachanganya na majivu, tukaweka chini ya kitanda cha Mama. Hizi zikipotea hakuna nyingine. Na wameamua ati mimi ndiye nitasema siku ya kupanda, kwa sababu nasomesha jiografia. Nilifurahi kama mjinga.

Jumanne, 3 Oktoba

Kidato cha pili, vipindi viwili. Somo: hewa na mipaka yake. Nimechora ubaoni vile kitabu kinataka. Hewa ya baridi mstari wenye meno, hewa ya joto mstari wenye vinundu. Nikaeleza: hewa ikikaa mahali pamoja muda mrefu inachukua tabia ya hapo. Ikikaa juu ya barafu inakuwa baridi na nzito. Ikikaa juu ya bahari ya joto inakuwa na mvuke. Halafu zinasafiri, zinakutana. Ile nzito inajipenyeza chini, ile nyepesi inasukumwa juu, inapoa, mvuke unakuwa maji. Mvua.

Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. Mwalimu, na hapa Machakos hiyo barafu iko wapi?

Nikafunga kitabu. Nimependa hilo swali kuliko mshahara wangu.

Nikawaambia haiko. Kwetu hewa zote mbili ni za joto. Moja inatoka kusini-mashariki. Nyingine inatoka kaskazini-mashariki, Uarabuni huko, inapita Wajir, inapita Garissa, inakuja kwetu. Hakuna iliyo nzito ya kumwingia mwenzake chini. Zinakutana uso kwa uso, na kwa sababu hazina pa kwenda, zinapanda juu pamoja. Pale zinapopanda ndipo mvua inaponyesha. Na pahali penyewe hapatulii. Panalifuata jua. Saa hii jua linaelekea kusini, napo panateremka nyuma yake polepole, wiki kadhaa nyuma, kama mtu aliyeachwa na wenzake njiani lakini hana wasiwasi.

Nikawa naona. Kweli naona — uwanja wote mpana wa kaskazini, na mstari wa mawingu unatembea juu yake. Nilipogeuka kengele ilikuwa imelia na darasa liko nusu. Chaki imeyeyukia mkononi kwa jasho.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimepitia dukani kwa Mama Hafso kununua mafuta ya taa. Jina lake ni Madino lakini hapa kila mtu anamwita kwa binti yake. Ndugu yake Abdifatah alikuwa amefika na lori la mbuzi kutoka Garissa, anakuja kila Alhamisi. Amekaa juu ya gunia la sukari, anakunywa chai ya maziwa ya ngamia, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

Nikamuuliza kule kukoje. Akasema Moyale, juu kabisa mpakani, mawingu tu. Wajir hata mawingu hakuna. Halafu akacheka. Mwalimu, akasema, wewe uko na vitabu, mimi niko na mbuzi. Siku ukiona lori langu halikuja, anza kulima. Nikauliza kwa nini. Akasema mvua ikinyesha kule majani yanaota, na mtu ambaye mbuzi wake wanashiba hauzi. Tena barabara inakuwa matope, hata akitaka kuuza, nani atapita?

Nimefikiria njia nzima kurudi. Kwa hivyo ule mpaka wa hewa ukishuka kutoka kaskazini unazuia mbuzi kwanza, ndipo unafika kwetu. Nzuri sana. Ningeiweka kwenye mtihani.

Jumapili, 8 Oktoba

Mvua! Saa tisa mchana. Tangu asubuhi joto lilikuwa limelala juu ya mabati, kuku wamefungua midomo. Halafu wingu moja, moja tu, likapanda juu ya kilima cha Lukenya, jeupe, likawa refu, likawa jeusi chini. Ngurumo. Matone makubwa yakipiga vumbi, na ile harufu! Mama alitoka na karai, mimi nilitoka bila kitu, nikasimama. Nusu saa. Nikalowa mpaka chupi na sikutaka kuingia ndani.

Jumatatu, 9 Oktoba

Saa tatu asubuhi nimesoma kipima mvua cha shule. Milimita ishirini na tatu! Kitabu cha kilimo kinasema ishirini zinatosha kuanza. Nimetembea kurudi nyumbani kama nimeokota kitu.

Nikamwambia Mama kesho ni sikukuu, hakuna shule, tuite mwethya. Mama akasema yeye hupanda baada ya tarehe ishirini, kwenye vumbi, mbegu inalala chini inangojea. Hajawahi kupanda tarehe kumi. Nikasema, Mwaitu, mama yangu, zamani ulikuwa unabahatisha, sasa tumepima. Akaniangalia kwa muda. Akasema sawa, wewe ndiye umesoma.

Jumanne, 10 Oktoba

Tumepanda. Wanawake watano, shamba la Mama ndilo la kwanza kwa zamu. Mwongeli, ambaye ndiye kiongozi wetu, aliimbisha tangu mstari wa kwanza, sauti yake inafika barabarani. Yeye anachimba, mimi nafuata nikidondosha, mbegu mbili za mahindi, moja ya mbaazi, kisigino kinafunika. Ardhi ilikuwa na unyevu mpaka kiganja kimoja chini. Nilisikia raha ambayo sijasikia tangu nirudi kuishi hapa kwa Mama.

Tulifika nusu ya debe, Mama akasema basi, mkono wake umechoka, zilizobaki zirudi chini ya kitanda. Mwongeli akamtania ati amezeeka. Mama akalirudisha debe ndani. Mkono wa Mama haujawahi kuchoka tangu nimjue.

Jumapili, 15 Oktoba

Jua. Jua tangu Jumanne. Nimeketi nyuma ya jikoni na chai, nikainua macho bila sababu.

Kitambaa kinaelekea Mua.

Kinaelekea Mua, pale pale. Upepo ule ule wa kusini-mashariki. Haujakutana na mtu yeyote. Siku ya mvua sikukiangalia. Siku ya kupanda pia sikukiangalia. Nimekifunga mimi mwenyewe nimechana nguo ya mama yangu nikifunge, halafu nikakimbilia kusoma maji kwenye chupa.

Sasa naelewa ilikuwa nini. Ardhi ilipata joto, hewa ya hapa hapa ikapanda peke yake, ikatengeneza wingu moja, likajimaliza. Mvua ya jua tu. Hata Kangundo hapo jirani haikufika, nimeuliza. Ule mpaka wenyewe bado uko mbali kaskazini, unatembea na wakati wake.

Nimemwaga chai chini.

Jumanne, 17 Oktoba

Zimeota. Mistari ya kijani mpaka chini kwenye mtaro. Zinapendeza jamani. Mwongeli amepita asubuhi akazisifu, akaniita profesa.

Sikumwambia kuhusu kitambaa. Nimeenda shule nimefundisha ramani.

Alhamisi, 19 Oktoba

Lori limekuja. Limejaa, mbuzi wamebanana mpaka mmoja kichwa kiko nje. Wamekonda. Abdifatah akasema Wajir hakuna kitu, watu wanauza kabla wanyama hawajafa. Moyale imenyesha siku mbili.

Moyale. Nimefungua ramani darasani baada ya watoto kutoka, nikaweka kidole. Moyale hadi Wajir. Wajir hadi Garissa. Garissa hadi hapa. Nimekaa na kidole pale mpaka mlinzi akaja kufunga.

Jumatatu, 23 Oktoba

Zimekauka zote. Ukishika jani linavunjika.

Mama amezing'oa mwenyewe akawapa mbuzi. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 25 Oktoba

Kisimani wanawake waliacha kuongea nilipofika. Mmoja akasema ati sasa tutaanza kuuliza kuku wakati wa kupanda. Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Mimi pia nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia, mtungi bado uko mgongoni.

Ninaona haya. Si haya ya kukosea, kila mtu anakosea. Haya ya vile nilivyomwambia Mama anabahatisha.

Alhamisi, 26 Oktoba

Lori limekuja nusu. Nimehesabu mbuzi kumi na wanane, kawaida ni zaidi ya hamsini. Abdifatah anasikitika, mimi moyo unadunda, na ni vibaya kufurahia hasara ya mtu. Wajir imenyesha Jumapili na Jumatatu, akasema. Watu wameanza kukatalia mbuzi wao.

Mama Hafso akanipimia sukari, akaniuliza mbona nimekonda. Nikamwambia yote. Alisikiliza huku akifunga karatasi. Akasema kwao mtu akipoteza wanyama kwa kuhama mapema hawamwachi ahame peke yake mara ya pili. Wanahama naye. Akaniongezea kijiko cha sukari, akakataa kulipwa.

Jumapili, 29 Oktoba

Mwethya wamekaa jikoni kwetu baada ya kanisa. Mwongeli amesema wazi, na sikuweza kumlaumu. Watoto wake wanne wanakula muthokoi, mahindi ya kukobolewa, mara moja kwa siku, na juzi ulikuwa nusu sufuria. Mahindi ya msaada tumeahidiwa tangu Septemba. Chini ya kitanda kuna nusu debe. Tumezitia majivu, si dawa, zikioshwa zinalika. Akasema kupanda tena kwa kubahatisha ni kumwaga chakula cha watoto kwenye vumbi.

Mwingine akasema tukila hizi, mwakani tutapanda nini. Mwongeli akasema mwakani kwanza tufike.

Wote wakaniangalia, halafu wakakumbuka, wakaangalia moto. Hiyo ndiyo iliniuma.

Mama ndiye alikata shauri. Tungoje mpaka Jumamosi. Jumamosi tukutane asubuhi. Tutapanda ama tutapika. Wakakubali. Mlangoni Mwongeli akanigusa bega, akasema, Mwalimu, Jumamosi utasema kitu. Hata kama ni kibaya.

Jumanne, 31 Oktoba

Vipindi vya mchana havikuwepo. Nimelala kwenye kiti katika ofisi ya walimu, kichwa juu ya madaftari, nikaota.

Nilikuwa juu sana. Sikuwa na mwili. Chini yangu pepo mbili zinakuja, na katika ndoto zilikuwa na rangi. Moja nyekundu ya vumbi la kwetu, nyingine ya kijivu, ina harufu ya maziwa na ngozi. Zinakuja polepole, hazina haraka, hazigombani. Zikafika juu ya shamba la Mama zikasimama, kila moja inamngojea mwenzake atangulie kupanda. Nikawa nawaambia, pandeni basi, pandeni. Sauti haitoki.

Mwalimu mkuu akaniamsha akaniuliza ni nani apande nini. Nikasema hakuna.

Nilipofika nyumbani kitambaa kilikuwa kinacheza. Dakika Mua, dakika Makueni kule kusini, dakika kimesimama. Nimekaa kukiangalia mpaka jua likazama na Mama akaniletea chakula pale pale nje. Aliketi na mimi. Akauliza, kinasema nini? Nikasema bado kinafikiria. Akasema hata sisi.

Alhamisi, 2 Novemba

Nimetoka shule mbio. Dukani kwa Mama Hafso hakuna lori.

Nikangoja mpaka saa kumi na moja. Hakuna lori. Mama Hafso akasema Abdifatah amepiga simu kutoka Garissa, barabara imekatika, lori la mwenzake limezama mpaka ekseli. Na hata angepita, hana mbuzi wa kupakia. Hakuna anayeuza. Akaniangalia, akasema, mwalimu, si ulitaka hii?

Ndiyo. Niliitaka. Lakini nimeshuka ile njia nikihesabu majina. Moyale, Wajir, Garissa. Imebaki sisi. Na pia najua inaweza kusimama pale. Mwaka jana ilifika Mwingi, katikati ya njia, ikageuka. Hakuna kitabu kinachosema itafika. Kinasema tu vile inavyofika ikifika.

Ijumaa, 3 Novemba

Kitambaa kimelala. Siku nzima. Kimening'inia kwenye mlingoti kama kimeanikwa. Wala kusini wala kaskazini. Moshi wa majiko unapanda wima. Joto zito la kukaba. Jioni vilima vya Iveti vilifunikwa, wingu pana, la kijivu, halina kichwa kama lile la mara ya kwanza. Lile lilikuwa moja na refu. Hili limetanda kutoka huku mpaka kule, siuoni mwisho wake.

Nafikiri zimekutana. Nafikiri ziko juu ya paa letu saa hii, zinasukumana taratibu.

Nafikiri. Tarehe tisa nilijua kabisa.

Nimejaribu maneno ya kesho mbele ya Mama akichambua mboga. Nikisema pandeni na mvua isije, watoto wa Mwongeli nimewala mimi. Nikisema pikeni na mvua ije, tutakaa kuangalia udongo mwekundu ukinywa maji bure msimu mzima. Mama akasema kesho nilale mpaka saa moja, nisiamke na kuku, macho yangu yamekuwa mabaya. Nikamwomba msamaha kuhusu ile siku, kuhusu kubahatisha. Akaendelea na mboga. Halafu akasema na yeye ashapoteza mbegu, mwaka ule nikiwa mgongoni mwake, na hakuwa na kitabu cha kusingizia.

Jumamosi, 4 Novemba

Wamekuja saa moja na nusu, wote. Mwongeli alikuwa mbele, jembe begani, mkononi sufuria kubwa ya kupikia mwethya. Amekuja na vyote viwili.

Mama hakuwepo mlangoni. Ameshuka shambani tangu alfajiri, ninamsikia kutoka hapa, jembe lake moja, linapiga ardhi kavu, linapumzika, linapiga. Anachimba mashimo. Debe liko pembeni mwa jikoni, ametoa chini ya kitanda, amelifunika na ile leso, nusu yake iliyobaki.

Nimewaambia yote. Lori halikuja. Garissa ni matope. Kitambaa kimelala tangu jana, na wingu la Iveti ni pana, si lile la nusu saa. Kwa hayo yote nafikiri mvua iko karibu, labda leo, labda wiki ijayo. Lakini mara ile niliamini zaidi ya hivi na nikawapotezea nusu debe. Na kuna miaka inageuka njiani. Kwa hivyo nikiulizwa kama itanyesha, sijui. Sijui, nikasema mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikuwa ndogo.

Kule chini jembe la Mama likapiga.

Mwongeli akaiangalia sufuria. Akaigeuza kichwa chini, akaiweka uani, akaikalia. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, nadhani ni siku, ama ni watoto. Halafu akasema kwa hivyo mama yako, Mama Kalondu, anapanda kwenye vumbi kama zamani. Nikasema ndiyo. Akasema na wewe hujamzuia. Nikasema hapana.

Akainuka. Sufuria akaiacha pale pale, imefunika ardhi. Akabeba debe kichwani, wengine wakamfuata na majembe.

Nimeingia ndani kuchukua jembe langu, nikajikuta nimeshika hili daftari. Nimeketi kitandani kwa Mama, viatu nimevua. Mwongeli ameanza wimbo, wengine wanaitikia, ninazisikia sauti nne na pengo la ya tano, yangu.

Ananiita sasa. Mwalimu! Unakuja ama unaandika?

Nakuja. Kupitia dirisha naona kivuli cha kitambaa kikitembea ukutani mwa jikoni, kimeamka. Sijaangalia kinaelekea upande gani